Ukuta Ulio Nyuma ya Rangi

SOMO LA WIKI
Maandiko: Walawi 14:33-45; Ezekieli 13:10-15; Nehemia 2:11-18; Luka 14:28-30
Wazo kuu: Ukarabati wa nyumba, na wa maisha, huanza siku mwenye nyumba anaposema ukweli kuhusu ukuta wake.



Jumapili iliyopita katika ibada ya pili nilianza kuwashirikisha habari ya nyumba ya babu yangu, saa ikaniishia. Baada ya ibada watu kadhaa walinifuata pale nje. Wengine walitaka maombi, wengine walitaka kujua nilitumia chokaa gani. Kwa hivyo nimeandika yote mawili hapa, ya kiroho na ya ufundi, maana kwangu yalikuja pamoja.

NYUMBA YENYEWE

Wengi wetu tunajua historia ya Kakamega na dhahabu. Ilipatikana mwaka 1931, Wazungu wakamiminika, na mgodi wa Rosterman ukafanya kazi mpaka 1952. Babu yangu alikuwa mmoja wa vijana walioshuka chini ya ardhi pale. Pesa aliyoweka akiba hakununulia ng'ombe peke yake. Alijenga nyumba, upande wa kuelekea Shinyalu, mwaka 1948.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, baraza mbele, madirisha marefu ya mbao, paa la mabati lenye mteremko mkali, na mahali pa kuotea moto sebuleni. Majirani waliiita nyumba ya Kizungu, na hawakukosea. Malkia Victoria wa Uingereza alifariki Januari 1901, na reli ikafika Kisumu Desemba ya mwaka huo huo. Kwa hivyo huku kwetu hatuna nyumba za enzi yake, ila tuna wajukuu wa nyumba hizo. Maafisa na wamishonari walikuja na ule mtindo vichwani mwao. Wale Marafiki waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902 walifundisha pia useremala na kufyatua matofali, na watu wetu wakashika ufundi ule wakaufanya wao.

Babu akamwachia baba, baba akaishi humo na mama. Mimi nikasoma, nikapata shahada yangu ya biashara, nikapata kazi ya ofisi hapa mjini, na baadaye Bwana akaniita katika huduma. Jumatatu mpaka Ijumaa ofisini, Jumatano jioni maombi, Jumamosi mikutano ya vijana, Jumapili kutwa hapa. Nyumbani ni kilomita kumi na nne tu. Lakini ukiwa na shughuli nyingi, kilomita kumi na nne zinaweza kuwa mbali kuliko Nairobi.

Baba alifariki mwaka 2017. Mwili ukiwa bado hospitali, tukakaa kikao cha mazishi. Mtu mmoja akasema, "Wageni watatoka Nairobi, na kuta zimechunika hivi?" Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikatoa shilingi 64,000. Kwa siku tano mafundi wakapiga plasta ya simiti juu ya kuta za zamani na kupaka rangi ya maziwa. Mbele na pande mbili tu. Nyuma hatukupaka, kwa sababu wageni hawapiti nyuma.

Nyumba ikapendeza sana. Watu walinipongeza kaburini.

USIKU WA MABESENI

Miaka minne baadaye, mwezi wa tano, nilipitia nyumbani kumpelekea mama dawa ya kifua. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Nilikuwa nimemwombea kwa simu mara nyingi, naye kila mara alisema, "Ni baridi tu, baba." Jioni hiyo mvua ilinyesha mpaka gari likashindwa kupanda kilima, nikalala huko.

Usiku wa manane nikasikia mtu akitembea. Nilifikiri ni mwizi. Nikawasha tochi ya simu, nikamwona mama gizani, hana taa, anapanga mabeseni na sufuria sakafuni. Hakuwa anatafuta mahali panapovuja. Kila beseni aliliweka chini mara moja, na tone likaangukia ndani. Alijua mahali pa kila tone kama mtu anavyojua ngazi za kanisa lake.

Kisha nikaona chumba chake kitupu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevimba kuelekea ndani kama tumbo, na ile rangi yangu ya maziwa kwa pembeni imetoka mapele ya kijani na nyeusi. Kumbe misimu miwili ya mvua alikuwa akilala jikoni, kwenye moshi, karibu na mafiga.

Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Akanijibu polepole, "Ulikuwa umeshapaka rangi. Ningesemaje?"

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi maishani. Hakuna lililonipata kama lile. Nilikuwa nimeweka rangi juu ya tatizo, na rangi ile ikamziba mama yangu mdomo.

SHERIA YA NYUMBA YENYE UGONJWA

Sura ya 14 ya Walawi wengi huiruka. Kuanzia mstari wa 33, Mungu anawapa Israeli sheria ya nyumba iliyopatwa na ukungu kwenye kuta, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani. Nilipoisoma baada ya usiku ule niliona hatua zote ambazo ningepaswa kufuata. Nitazieleza jinsi tulivyozipitia.

1. Mwenye nyumba aseme kwanza

Mstari wa 35 unasema ni mwenye nyumba anayeenda kwa kuhani na kumweleza kwamba kuna kitu anakiona nyumbani mwake. Kuhani hazunguki kijijini akichungulia kuta za watu. Kazi haianzi mpaka mwenyewe afungue mdomo.

Asubuhi ile niliwapigia ndugu zangu na kuwaambia, "Nyumba ya mzee inaanguka, na mama analala jikoni. Makosa ni yangu." Ilikuwa sentensi ngumu kuliko shilingi zote nilizotoa baadaye.

2. Kagua kabla ya kutangaza

Nehemia alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu, akaamka usiku na watu wachache akazunguka kuta zilizobomoka. Hakuwa amemwambia mtu mpango wake. Alipofika mahali mnyama wake hakuweza kupita, alijua hali ilivyo. Harambee ilikuja baadaye.

Nyumba ya zamani ikague mvua ikinyesha, maana jua huficha mengi. Ingia darini na tochi. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta. Choma mbao kwa bisibisi, hasa miguu ya milango na ncha za mbao za paa: ikizama kama kwenye ndizi, mchwa au maji yameshakula. Andika kila kitu kwenye daftari, chumba kwa chumba. Sisi tulipata mambo thelathini na moja. Rangi haikuwa mojawapo.

Na tahadhari mbili. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Usiikwangue ikiwa kavu watoto wakicheza hapo. Ilowanishe, funika pua na mdomo, kusanya vumbi lote. Na kama paa lako ni la yale mabamba ya asbestosi, usilikate wala kulivunja mwenyewe. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Uliza NEMA wakuelekeze kwa watu wenye leseni ya kuliondoa.

3. Shughulika na maji kwanza

Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nyumba za zamani huku hufa kwa maji kuliko kwa uzee. Maji huingia kwa njia tatu: kutoka juu kwenye paa, kutoka pembeni yakirukia ukuta, na kutoka chini ardhini yakipanda kwenye matofali.

Kwa hivyo tulianza na paa, tukatumia miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari. Tulibadilisha mabati yaliyotoboka, bati la mgongoni mwa paa, na mbao kumi na moja zilizooza. Tukaweka mifereji ya kukinga maji na tangi. Halafu tukachimba kuzunguka nyumba. Miaka sabini ya kufagia na kutupa majivu ilikuwa imeinua udongo wa nje ukapita sakafu ya ndani. Tukaushusha na kuchimba mtaro wa kupeleka maji shambani. Huo mtaro ulitugharimu jembe na jasho, na mzee fundi aliyetusaidia alisema umefanya kazi kuliko kila kitu.

Mpaka hapo, mwaka mzima ulikuwa umepita na mtu akipita barabarani asingejua tumefanya lolote.

4. Toa kilichoambukizwa, kisha paka upya

Walawi 14 inaagiza mawe yenye ugonjwa yatolewe, kuta zikwanguliwe ndani pande zote, na uchafu ule utupwe nje ya mji. Kisha mawe mengine na plasta nyingine. Angalia mpangilio: kutoa ndiko kunakotangulia.

Hapa ndipo nilipojifunza ubaya wa ile simiti yangu. Matofali ya babu yaliungwa kwa udongo, na nje yakapigwa chokaa. Nyumba za aina hiyo hazikuwekewa chochote cha kuzuia unyevu wa ardhini. Unyevu hupanda, lakini chokaa ina vitundu vidogo, kwa hivyo hutoka nje na ukuta hukauka. Mzee fundi aliniambia, "Mchungaji, huu ukuta ulikuwa unapumua. Wewe ukaufunga pua." Simiti ni ngumu na imeziba. Unyevu ulipokosa njia ya kutokea nje ukarudi ndani, ukalainisha ule udongo, ukalisha ukungu, mpaka ukuta ukavimba. Ukungu ule ndio mama alikuwa akivuta kila usiku.

Simiti ni nzuri mahali pake. Ila kwenye ukuta laini wa zamani ni kama kiraka kipya juu ya vazi kuukuu. Mnajua Yesu alisema nini kuhusu hilo.

Tulibandua simiti yote. Mafundi walichukua shilingi 18,000. Yaani nimelipa mara mbili, kuibandika na kuibandua. Matofali yaliyomomonyoka tukayatoa moja moja na kuweka mengine ya kuchoma. Tukaacha kuta uchi kwa miezi mitatu zikauke. Majirani walidhani tumeishiwa pesa. Kisha tukapiga chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga msafi, tabaka nyembamba nyembamba, tukiilinda na jua kwa magunia yenye maji ili isikauke haraka ikapasuka. Ukiifanya hiyo kazi vaa glavu na ulinde macho, chokaa inachoma. Huko Lamu na Zanzibar mafundi wametumia chokaa ya mawe ya matumbawe kwa mamia ya miaka, na nyumba zao bado zinakaliwa.

5. Hesabu gharama, na muda pia

Yesu katika Luka 14 anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza ahesabu, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Mimi mwenye shahada ya biashara niliandika bajeti ya shilingi 380,000, bila hata senti ya dharura. Tumeshatumia 512,000. Nyumba ya zamani ina siri, na kila unapofungua ukuta inakuambia moja. Ukipanga, ongeza angalau robo kwa ajili ya siri hizo.

Kwa mtu mwenye shughuli nyingi, haya ndiyo yaliyonisaidia. Jambo moja kwa wakati mmoja, mpaka liishe. Fundi alipwe kwa hatua, baada ya kazi kuonekana kwa macho. Picha ya simu haitoshi. Niliwahi kutuma pesa ya mbao kwa M-Pesa nikiwa ofisini, na mbao hazikufika mpaka leo. Na nilitenga Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mchungaji wetu mkuu aliniruhusu nikabidhi mkutano wa vijana siku hiyo. Niliona aibu kuomba. Lakini 1 Timotheo 3:5 inauliza mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu, na mimi nilikuwa nimelihubiri andiko hilo kwa watu wengine.

Na msichelewe. Kule Zanzibar kuna jumba linaitwa Beit al-Ajaib, Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, Malkia Victoria akiwa bado kwenye kiti chake. Ni kati ya majengo mashuhuri zaidi Afrika Mashariki, ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa miaka kwa sababu ya ubovu. Siku ya Krismasi mwaka 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lenye jina, lenye wataalamu, kazi imeshaanza. Ukuta hausubiri ratiba ya mtu.

6. Kuna cha kubomoa

Ndugu zangu wawili walitaka tubomoe yote tujenge nyumba ya kisasa. Walipewa hesabu ya shilingi milioni 2.8. Tulibishana mpaka mama akaacha kutuandalia chai. Walawi 14 ni ya haki kwa pande zote mbili: ugonjwa ukirudi baada ya kukwangua na kupaka, nyumba ivunjwe, mawe na mbao zake. Basi tulikubaliana hivi: tunakarabati, na chumba kitakachoota ukungu tena baada ya mvua mbili kitabomolewa. Vyumba vinne vimesimama. Stoo ya nyuma ilirudia ugonjwa. Tukaivunja, na mimi niliyekuwa nabishana zaidi ndiye niliyepiga nyundo ya kwanza.

SASA, WEWE NA MIMI

Ezekieli 13 inasema watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii wakaja wakaupaka chokaa. Mvua ikaja, ikaja mawe na upepo, ukuta ukaanguka, na swali likaulizwa: iko wapi ile plasta mliyoipaka? Angalia, anayelaumiwa zaidi pale ni mpakaji. Ni mtu wa Mungu aliyeona ufa akasema kuna amani.

Tuko wapakaji wengi kanisani. Ndoa imevimba kama ukuta ule, tunapiga picha ya Krismasi tukiwa na nguo za kufanana. Deni la simu linakula mtu, anasimama kutoa ahadi kubwa kwenye harambee. Kijana anakunywa kwa siri, tunamweka kwenye kwaya ili "apone polepole". Na sisi wachungaji tunaombea kikohozi kwa simu, hatuendi kuona mtu analala wapi.

Naamini katika maombi. Mungu anaponya, na nimeona akiponya. Lakini kikohozi cha mama yangu kilikuwa na ukuta nyuma yake, na ukuta ule ulikuwa na jina langu. Tulipomtoa jikoni akatibiwa hospitali na akalala mahali pakavu, kikaisha. Namshukuru Mungu kwa uponyaji huo, na natubu kwa miaka minne niliyomsubirisha.

Pia jiulize hivi: je, wale ulio nao nyumbani wanaweza kukuambia ukuta umeoza? Au umeshapaka rangi nzuri kiasi kwamba wanaona aibu kukuharibia?

HALI YA SASA

Nyumba haijaisha. Baraza la mbele bado limeshikiliwa na miti miwili ya mkalitusi, na madirisha matatu hayafungi vizuri. Rangi hatujapaka mpaka leo, na chokaa ina weupe wake usio sawa. Aprili iliyopita nililala huko tena usiku wa mvua kubwa. Niliamka saa nane kusikiliza. Paa lilikuwa na kelele, sakafu kavu, na mama alikuwa chumbani kwake anakoroma. Asubuhi nikaona yale mabeseni uani, ameanikia maharagwe.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini unafikiri Mungu aliagiza mwenye nyumba aende mwenyewe kwa kuhani (Walawi 14:35)?
2. Ni jambo gani nyumbani kwako limepakwa rangi badala ya kutengenezwa? Ungeanza kumwambia nani?
3. Nani katika familia yako analala "jikoni" bila kusema? Mtembelee wiki hii, usipige simu.
4. Ni kitu gani tulichojaribu kutengeneza mara kadhaa, na sasa kinahitaji kubomolewa?

OMBI

Baba, unaona upande wa nyuma ambao wageni hawapiti. Tupe ujasiri wa kusema kilichopo, uvumilivu wa kukwangua, na macho ya kuwaona walio karibu nasi kabla mvua haijawaonyesha. Tusamehe kwa rangi tuliyopaka. Tujenge upya, katika jina la Yesu. Amina.